TAHADHARI: Vichupa vya sakulenti vinavyoletwa kwa bodaboda hapa Nakuru

Wapenda maua wa Nakuru, hasa mnaoagiza zawadi kwa simu, kaeni macho. Kuna muuzaji anayezungusha picha za vichupa vya jemu na mayonesi vilivyopandwa sakulenti (mimea midogo ya majani manene), shilingi 650 kimoja, unaletewa hadi mlangoni. Jina silitaji kwa sababu akishtukiwa hubadilisha ukurasa. Shikeni dalili zake.

Wifi yangu aliagiza vya kupamba meza za ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu). Vikaja vinapendeza kweli, kokoto nyeupe juu, kamba ya katani shingoni. Ila kokoto hazikusogea hata nilipokipindua kichupa kichwa chini. Zimegandishwa kwa gundi! Nilipozibandua kwa kisu, mmea ukang'oka bila mzizi hata mmoja. Ni kichwa kilichokatwa na kuchomekwa kwenye udongo mzito wa shamba, tena umelowa chepechepe. Sakulenti huweka maji ndani ya majani yake, kwa hiyo kichwa cha aina hiyo kinaweza kukaa wiki kadhaa kikionekana kizima huku chini kinaoza. Sasa mnaelewa kwa nini anatoa garantii ya siku 7 tu.

Zile za buluu kali na zambarau ya kumeremeta zimepulizwa rangi, na rangi hiyo hulinyima jani mwanga. Tazama majani machanga katikati: yakichipuka kijani, umeshajua. (Zipo Echeveria, aina ya sakulenti, za rangi ya kijivu-buluu ya asili, zenye unga mwembamba juu ya jani. Hizo hazina neno.)

Ukimuuliza mbona chupa haina tundu, atakwambia mkaa wa chini unanyonya maji yote. Uongo. Maji yasiyo na pa kutokea hubaki humo humo na mizizi inakosa hewa. Fundi anayeijua kazi hutoboa kitako cha chupa polepole kwa keekee ya almasi huku akimwagia maji, au hutumbukiza kikopo cha plastiki chenye matundu, unachoweza kukitoa ukamwagilie nje.

Kuhusu pesa, anataka zote kabla, kwa namba ya mtu binafsi yenye jina lisilofanana na la ukurasa. Ukilalamika, anakufungia. Unaweza kusambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini huduma hiyo ni ya pesa zilizotumwa kimakosa, na akishazitoa kwa wakala hakuna cha kurudishwa. Mwambie utalipa bodaboda akifika, baada ya kuutikisa mmea kidogo. Akikataa, achana naye.

Kama tayari unacho, usikitupe. Bandua kokoto, kata shina juu ya sehemu iliyooza mpaka uone nyama safi, liache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha lipande kwenye mchanga mkavu uliochanganywa na vijiwe vyepesi vya volkeno. Maji subiri mpaka mizizi ianze kushika.