Nilikodisha diski yangu kwa watu wa mbali, fundi akanivunjia heshima mbele ya mamangu

Nyota moja. Naanza na hukumu kwa sababu moto haujanitoka kifuani. Hasira zangu za kwanza si kwa mtandao wa uhifadhi, ni kwa kampuni ya intaneti iliyonivutia laini hapa Langoni, Lamu, na yule fundi wao.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi hapa Amu. Kaskazi iliyopita nilihamisha harusi zote za zamani, nikabaki na diski ya terabaiti 8 haina kitu. Nilikuwa nimesoma habari za Filecoin, Sia, Storj na wenzao, mitandao ambayo haina ghala moja. Mtu anatoa nafasi kwenye diski yake mwenyewe, faili za watu wa mbali zinakuja kulala humo, naye analipwa kwa tokeni, yaani sarafu za kidijitali za mtandao huo. Niliojiunga nao siutaji jina, maana mengi yaliyonikuta si makosa yake.

Programu yenyewe haikunishinda. Kwanza kompyuta huhesabu mpaka ipate kitambulisho kisichoghushika kirahisi. Yangu imezeeka, ikahesabu usiku kucha na mchana wake. Kuta za nyumba yetu ni za mawe ya matumbawe, nene hasa, waifai haivuki kutoka chumba kimoja hadi cha pili, kwa hiyo nikavuta waya. Stima nayo hukatika, nikanunua betri ya akiba. Yote hayo nikiyafanya kwa raha.

Kisha nikakwama. Kila kitu kwenye skrini kilikuwa kijani isipokuwa mstari mmoja mwekundu, kwamba kompyuta yangu haifikiki kutoka nje. Nikafungua poti kwenye ruta, yaani tundu la kupitishia data, nikaifunga, nikaifungua tena. Nikazima kinga ya Windows. Siku mbili nzima. Mwisho nikatazama anwani ya intaneti iliyomo kwenye ruta nikaona inaanza na 100, na tovuti ya nje inanionyesha anwani nyingine kabisa. Hapo nikaelewa. Anwani za kizamani za intaneti ni bilioni 4 na kidogo tu, na mafungu ya mwisho kwenye hazina kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Kampuni nyingi hurundika nyumba chungu nzima nyuma ya anwani moja. Wewe ukitoka kwenda kutafuta kitu utarudi nacho, lakini mgeni akija kwako hana pa kupigia hodi. Nyumba hii ina mlango wa nakshi alioutia babu yangu, na kwenye intaneti sisi hatuna mlango!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Naomba anwani ya wazi, yangu peke yangu, inayofikika kutoka nje, nikawaambia, na nitalipia. Wa kwanza akaniambia nizime ruta niiwashe. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akasema atanitumia fundi.

Fundi akavuka kutoka Mokowe kwa boti, mchana wa jua kali. Mamangu akamkaribisha, akamletea juisi ya ukwaju na kaimati. Akanywa. Ruta hakuigusa. Aliiona diski inawaka taa akasema, "Wewe unachimba bitcoin." Nikamwambia la, nakodisha nafasi tu. Akacheka. "Anwani ya wazi ya nini? Watu wa huku WhatsApp inawatosha." Nikanyamaza kwa sababu ni mgeni kwetu. Ndipo akamgeukia mamangu: "Mama, muangalie kijana wako. Humu kuna mafaili ya watu ambao hata yeye hawajui. Polisi wakija, watamchukua yeye." Akaweka bilauri chini, akashuka ngazi. Hakukaa hata dakika kumi.

Mamangu hakulala usiku ule. Asubuhi akamwita ami yangu, akaja akaketi mbele ya ile diski na kuitazama kitambo. Akaniuliza, "Mwanangu, hii amana ni ya nani?"

Nikamweleza. Faili hufungwa kwa ufunguo kwa mwenyewe kabla haijatoka, kisha hukatwa vipande vingi vikatawanywa kwa watu wengi, na hata vikipotea baadhi yake, vilivyobaki vinatosha kuijenga upya. Mimi nina kipande cha kitu kilichofungwa. Ufunguo haufiki kwangu kamwe. Na mtandao hunikagua bila taarifa, unaniambia nionyeshe kipande fulani. Nikishindwa mara kwa mara nafukuzwa, na nikizimika saa nyingi mno ndani ya siku 30 nasimamishwa.

Ami akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi mwenyewe akija aikute." Akaomba kahawa.

Maneno yake hayo ndiyo yaliyonikasirisha upya, kwa sababu hilo hasa ndilo nililokuwa nimeliomba kwa kampuni. Mwenye amana akija anifikie. Mzee asiyewahi kushika kompyuta amelifahamu kabla kahawa haijaletwa, na yule mwenye shati la kampuni amelicheka.

Mwishowe nilikodi seva ndogo iliyoko Ujerumani, nikaiunganisha na nyumbani kwa WireGuard, programu ya kuunganisha kompyuta mbili kwa njia ya siri, wageni wakawa wanapiga hodi kule na mimi naitikia huku. Saa tano za usiku ule mstari mwekundu ukageuka kijani. Nilipiga ukelele, mamangu akaamka akidhani kuna moto. Kwa hiyo narekebisha niliyoandika juu: programu naipa nyota nne, na kama ningeandika usiku ule ningeipa tano.

Ila pesa. Wanalipa dola moja na nusu kwa terabaiti kwa mwezi, na mgeni hapewi data nyingi mpaka ajulikane ni mwaminifu. Miezi mitatu ya mwanzo wanashikilia robo tatu ya malipo yako, na nusu ya walichokishika utaiona baada ya mwezi wa 15. Nilipousoma utaratibu huu niliuona wa haki, mtu asikabidhiwe mali kisha akatoroka. Sasa, diski ikiwa haijajaa hata nusu terabaiti, na ile seva ya Ujerumani nailipia kila mwezi zaidi ya ninachopata, siuoni wa haki tena. Nyota tatu. Lakini seva ile ni gharama ya mlango ambao kampuni ya hapa imeninyima, kwa hiyo narudi pale pale.

Wiki hii wamenitumia ujumbe: fundi alikuhudumia vipi, toa alama 1 hadi 10. Nikawaandikia kisa chote. Jibu likaja papo hapo, "Asante kwa maoni yako."

Sitaki fidia. Nataka fundi yule avuke tena kutoka Mokowe, aketi pale alipoketi, amwambie mamangu kwamba mwanawe hana kosa. Kila boti ikipita usiku na injini yake, mamangu bado huniuliza kama ni polisi.