Yuforbia ya kuweka nyumbani: ununue ipi, uache ipi

Masika yakimalizika, kibaraza changu hapa Ng'ambo hugeuka hospitali ya mimea. Huyu kaja na chungu, yule na kopo la rangi, na ndani mna yuforbia, mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa, iliyolainika shina kama ndizi iliyooza. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Mbona nilikuwa naimwagilia kila siku?" Ndiyo khasa kilichoiua. Kwa unyevu wa Unguja mmea huu hauuliwi na kiu, unauliwa na maji. Basi nimezipanga hapa kwa kutazama ipi itavuka Aprili na Mei, si ipi inapendeza kwenye picha.

Ya kwanza ni ile ya miiba na maua, Euphorbia milii. Kwao ni Bukini (Madagaska), na joto letu halina jipya kwake. Ikipata jua la saa nne au tano kwa siku hutoa maua karibu mwaka mzima, mekundu, ya waridi, meupe hata ya manjano. Ukiiweka chumba cha giza itapukutisha majani na maua utayasikia kwa jirani. Iweke dirishani, lakini si kwenye ujia wanakopita watoto wakikimbizana.

Ya pili ni Euphorbia trigona, ile ya pembe tatu yenye vijani vidogo kwenye kingo. Hii ndiyo ya roshani nyembamba za Mji Mkongwe, maana hupanda juu badala ya kutanuka. Inavumilia mwanga mdogo kuliko ya kwanza. Itafutie chungu kizito cha udongo. Kwenye kopo la plastiki ikishafika kiunoni huanguka yenyewe.

Mnyaa (Euphorbia tirucalli) naupa nafasi ya tatu, na kwa kweli usiununue. Tafuta ulikopandwa kama uzio, bisha hodi, omba tawi. Kuna aina yenye ncha za rangi ya moto, inauzwa ghali kidogo, lakini rangi ile huletwa na jua kali. Ukiiingiza ndani itarudi kijani na pesa yako imekwenda.

Mwisho kabisa ni ile iliyojikunja kama tumbawe. Hiyo ni mimea miwili iliyoungwa: juu Euphorbia lactea, chini aghalabu Euphorbia neriifolia. Chini kukichipua, kata mara moja, la sivyo shina litaimeza ya juu. Nimezika mbili, ya tatu sijaribu.

Sokoni, usitazame juu, tazama chini. Bonyeza shina pale linapokutana na udongo: liwe gumu. Kisha litikise taratibu. Mwaka mmoja niliuziwa trigona kwa bei ya mche, muuzaji ananiambia, "Huo umeshashika, shoga." Kufika nyumbani nikauvuta, ukatoka kama kalamu kwenye kikombe. Hata uzi wa mzizi haukuwepo. Kipande kisicho na mizizi si kibaya, ila kilipie bei ya kipande.

Maana kukizalisha ni rahisi. Kata urefu wa shubiri moja, osha jeraha kwa maji mpaka maziwa yakatike, kisha kilaze kivulini kiasi cha wiki, jeraha likauke na kufanya ganda. Wengi hukosea hapa: wanakichomeka kingali kibichi na kinaoza. Udongo uwe nusu mchanga mnene, na vigae vilivyovunjwa chini ya chungu. Mchanga wa pwani uoshe mara tatu, chumvi iishe. Siku za mwanzo usitie maji. Baadaye kidogo tu, udongo ukikauka mpaka chini. Mizizi huchukua kama mwezi, pengine zaidi. Mimi hukata Januari, wakati wa kaskazi. Aprili sigusi kisu.

Na maziwa yale si mchezo, ya mnyaa khasa. Niliwahi kukata bila glavu, jasho likanitoka, nikajifuta kwa mgongo wa mkono. Jicho liliwaka usiku kucha, asubuhi nikapelekwa hospitali. Yakikuingia, suuza kwa maji safi robo saa nzima, kisha nenda ukaonwe, usingoje asubuhi kama mimi. Siku hizi ndoo ya maji hutangulia uani, kisu hufuata.