Noti ya marki bilioni moja ya mwaka 1923: naipa nyota nne

Nimeinunua mtandaoni kwa muuzaji wa noti kuukuu, shilingi elfu thelathini na tano, gharama ya posta juu yangu. Ni ya kahawia, tarehe 15 Desemba 1922, na thamani yake ya mwanzo ni marki 1,000. Mwaka uliofuata Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani, ikaigongea wino mwekundu: Eine Milliarde Mark, marki bilioni moja. Hawakusubiri hata kuchora noti mpya. Ile 1,000 bado inasomeka vizuri, kama bei ya zamani dukani ambayo hakuna aliyejisumbua kuibandua.

Nyota moja nimeikata. Kwanza, bahasha haikuwa na kadibodi, noti ikafika imekunjika pembeni. Pili, na hili ndilo lililoniudhi zaidi, kikaratasi cha maelezo kinadai Wajerumani walichapa noti hizi wakawalipe washindi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia fidia ya vita. Nani angezipokea? Deni lililopangwa London mwaka 1921, marki bilioni 132, lilihesabiwa kwa dhahabu, na sehemu yake ililipwa kwa makaa ya mawe na mbao. Marki za karatasi zilitumika kununulia fedha za kigeni, na kila zilipomwagwa sokoni marki ikazidi kushuka. Januari 1923, mbao na makaa vilipopungua, majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia Ruhr, eneo la migodi na viwanda la Ujerumani. Wafanyakazi wakagoma, na serikali ya Berlin ikaamua kuwalipa huku viwanda vimesimama. Hapo mitambo ya kuchapa ikakesha. Tena vita yenyewe walikuwa wameipigana kwa mikopo, wakitegemea kwamba atakayeshindwa ndiye atakayelipa!

Kufikia Novemba dola moja ilikuwa marki trilioni 4.2, kwa hiyo noti yangu isingenunua hata kipande cha mkate. Mwenye deni la nyumba alilifuta kirahisi. Mzee aliyeweka akiba benki miaka thelathini akabaki na kitabu cha benki mkononi. Fidia ilipunguzwa mara kadhaa baadaye, na riba ya mwisho ya mikopo iliyotokana nayo ililipwa Oktoba 2010, lakini akiba ya yule mzee haikurudi.

Walimu wa historia mnaofundisha Mkataba wa Versailles, ule wa amani ulioitwika Ujerumani fidia hiyo, inunueni, wanafunzi waishike. Mwambieni muuzaji mapema aweke kadibodi, na kile kikaratasi abaki nacho.