Uzi upi ununue kwa mazingaombwe ya uzi unaokatwa ukarudi mzima

Mchezo huu hauhitaji sanduku wala meza. Unashika uzi wa sentimita 80 hivi, unaukata vipande mbele ya watu, unavifinyanga kuwa kidonge kidogo, kisha unavuta ncha mbili na uzi unatoka mzima. Eugene Burger, mwanamazingaombwe wa Chicago aliyefariki mwaka 2017, aliufanya polepole huku akisimulia ngano za Kihindi za ulimwengu unaoharibiwa na kuumbwa upya. Aliyejifunza mchezo anajua kwamba kuna kidonge cha pili, cha uzi mzima, kilichofichwa vidoleni tangu mwanzo.

Ukimwona mtu anahangaika nao, atakwambia mikono yake ni mizito. Mimi huuliza kwanza alinunua uzi gani. Mchezo unadai vitu viwili vinavyopingana: uzi ukatike kwa mshtuko mdogo wa mikono, na uzi huohuo ustahimili kuvutwa taratibu kidonge kinapofunguka. Kwa hiyo dukani omba kipande cha shibri moja na ukijaribu mara mbili. Kivute polepole, kisha kishtue. Kikikatika ulipokivuta polepole, ni dhaifu mno au kimekaa juani muda mrefu. Kikigoma hata uliposhtua, kirudishe.

Wa kwanza kwangu ni uzi wa pamba wa kupigia bandi, ule ambao mafundi wa suti hushikizia kitambaa kabla ya kushona. Umetengenezwa ili ufumuliwe, kwa hiyo haukazwi sana. Unakatika kwa sauti ndogo tamu inayosikika sebuleni, haukati vidole, na kwa kuwa haung'ai, kidonge kinashikana bila nta. Kasoro yake ni rangi: mara nyingi ni mweupe tu. Vaa shati jeusi na kasoro hiyo imekwisha. Mwulize fundi wa suti anakonunua, kwa sababu vibanda vingi havina.

Wa pili ni uzi wa kawaida wa kushonea wa pamba tupu. Una nguvu kidogo zaidi, hivyo usivute mikono ikiwa mbali. Shika karibu, vidole viachane sentimita tatu, ushtue. Shida yake kubwa ni kujisokota. Kabla ya kukunja kidonge, upitishe uzi katikati ya vidole mara tatu nne mpaka ulegee. Na usiuzungushe kama mpira wa sufu, maana hapo ndipo wengi hukwama na fundo mbele ya watu. Ukunje kwa kwenda na kurudi kama feni ya karatasi, uache ncha moja nje, halafu sentimita chache za mwisho zizungushe kiunoni mwa mkunjo, nayo ncha ya pili ibaki nje pia.

Kwa watoto, nampenda zaidi uzi wa kudarizi mwekundu. Fungu la mita 8 lina nyuzi sita ndani yake. Ukizitenganisha unapata mita 48, yaani maonyesho 30, kwa kuwa kila onyesho linakula mita 1.6. Rangi yake inaonekana vizuri. Ila unateleza, na kidonge hufumuka chenyewe vidoleni. Chembe ya nta ya mshumaa inatosha, lakini kwenye joto la pwani nta hulainika, basi jaribu kwanza mkono ukiwa na jasho.

Seti zinazouzwa tayari kwa mchezo huu naziweka nyuma ya hizo tatu. Unalipia maelezo, na uzi wenyewe utaisha upesi.

Poliesta usinunue kabisa, ingawa ndiyo utakayopewa ukisema tu "nipe uzi". Niliitumia zamani kwenye sherehe ya mtoto. Ilinichana kidole, na watoto wakatazama damu badala ya mchezo. Lebo isipoeleweka, choma kipande kidogo nje ya duka. Pamba huungua ikinuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Ukipata majivu na shanga pamoja, ni poliesta iliyovikwa pamba, nayo iache.

Uzi wa vipande na uzi wa kidonge utoke roli moja. Nyeupe mbili za viwanda tofauti hutofautiana chini ya taa, na mtazamaji wa mstari wa mbele ataona. Roli la mita 100 litakupa maonyesho 62, kwa hiyo nunua mawili: moja la jukwaani, moja la kufanyia mazoezi kila jioni.