Koti la mtumba Karume na fundi wa Kariakoo: nguo za ofisi kabla mshahara wa kwanza haujaingia

Naandika hii kwa sababu ofisini nishaulizwa na watu kama watano "hilo koti umetoa duka gani" na kila nikisema Karume, soko la mitumba hapa Dar, wanacheka wanajua nawapiga fiksi. Karume kweli jamani, na fundi wa uchochoroni Kariakoo ambaye nina ugomvi naye ila ntaufikia.

Iko hivi, nilipata kazi ofisi ya umma, nimeambiwa kuripoti ndani ya wiki moja na kabatini nina jinzi tatu, matisheti, na gauni la harusi ya binamu yangu lenye shanga kifuani. Na kama umewahi kuingia ofisi ya serikali unayajua yale mabango getini, picha za nguo zimepigwa alama ya X, jinzi hapana, kimini hapana, nguo ya kubana hapana. Watu wanadhani ni roho mbaya ya mlinzi, kumbe kuna Waraka wa Utumishi wa Umma Namba 3 wa mwaka 2007 unaohusu mavazi, na mlinzi wa pale kwetu anausimamia kuliko afisa utumishi mwenyewe.

Nikaanza duka la nguo mpya Mtaa wa Kongo. Suti ya kike, koti na sketi, 95,000. Kuvaa tu, poliesta ile nyepesi inayopiga kelele ukitembea, feni ya dukani inazunguka na mi kwapa tayari zimelowa, sasa nikafikiria mwendokasi saa moja asubuhi tumebanana kama dagaa nikairudisha kwenye hanga taratibu nikasema kaka narudi. Sikurudi.

Karume nayosema ni ile ya Ilala, iliyoungua Januari 2022, biashara ilisharudi zamani. Siri yake ni kuwahi, saa moja na nusu nilikuwa nishafika balo la makoti ndo linafunguliwa, ukija saa sita unakuta yale ya mabega mapana kama geti wenzio washayakataa. Kaka muuzaji akaanza "dada njoo kamera hii, haijavaliwa hii", kamera ndo wanaita mtumba wa daraja la kwanza, 35,000, tukavutana, nikaondoka, akaniita, nikarudi, 18,000. Kabla hujatoa hela geuza koti ndani nje, angalia bitana kwenye kwapa maana hapo ndo panachanika na ndo panabaki madoa, afu vaa uangalie mabega. Mbavu fundi anapunguza, mikono anapunguza, ila bega likizidi achana nalo hata kama ni zuri vipi, kulifumua ni kazi ya kushona koti upya. La kwangu ni bluu ya kuiva, bega limekaa palepale, na mpasuo wa nyuma ulikuwa bado umeshikwa na ule uzi wa X wa kiwandani kwaiyo yule kaka pengine hakuwa anadanganya. Na hapa niwaombe, ule uzi unakatwaga jamani, na ile lebo ya mkononi inatolewa, nina mkubwa wangu mmoja anaongoza vikao na X yake mgongoni na hakuna wa kumwambia.

Nikaongeza blauzi tatu za 4,000 na suruali ya kitambaa 7,000.

Sasa fundi. Mzee wa makamo, namsalimia shikamoo ananiita mwanangu, mkono wake sijawahi kuona. Koti kalipunguza mbavu kwa 6,000 na huwezi kuona palipoguswa, bitana karudisha vilevile, suruali pindo 2,000. Akanifundisha na pasi, weka kanga yenye maji maji juu ya nguo ndo upige, ukipiga kavu kitambaa kinang'aa makalioni kama kimepakwa mafuta.

Lakini mdomo wake! Tulikubaliana Ijumaa. Ijumaa nafika anasema bado vifungo tu mwanangu, Jumamosi anasema umeme ulikatika, nikageuka kuangalia cherehani yake ni ya kukanyaga na pasi yake ni ya mkaa, nikamwangalia, na yeye akaniangalia, tukanyamaza wote. Nimechukua nguo Jumapili saa mbili usiku na kazi naanza Jumatatu.

Na sketi akaiharibu. Nilimpelekea kitambaa, mita moja na nusu kwa 9,000, ushonaji 15,000, nikamwambia chini ya goti, isibane. Nimesimama mbele ya kioo iko sawa kabisa. Nimekaa kwenye kiti cha ofisi ikapanda juu ya goti vidole vinne, kumbe kabana mapaja "ili itoke shepu", siku ya kwanza kazini nimeshinda na faili mapajani mpaka saa tisa na nusu, na kupanda gari nilipanda kiubavu. Kwaiyo nguo ya ofisi ijaribu umekaa, sio umesimama, na pandisha mguu kama unaingia kwenye daladala hapohapo kwa fundi hata watu wakikushangaa. Akaitanua bure na kuongeza mpasuo nyuma, hilo nampa.

Jumla 69,000, na nimepata nguo za kuzungusha wiki nzima kwa hela ambayo haifiki ile suti moja. Miezi minne sasa koti halijafumuka popote, na kiyoyozi cha pale kwetu ni kama machinjioni kwaiyo linavaliwa kila siku.

Karume nawapa tano kwa tano ukiwahi, mbili ukichelewa. Fundi mkono tano, ahadi sifuri, mwambie unasafiri siku tatu kabla ya siku yenyewe. Mi nilisahau kumdanganya, koti la pili liko kwake aliniambia Alhamisi, leo Jumamosi nimempigia anasema bado vifungo tu.