Rangi ya kutia vipuri vya gari la telekomandi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Lalamiko linalorudi kila mara kwa wapenzi wa magari ya telekomandi hapa Lubumbashi ni lile lile. Mtu ananunua rangi nyeusi, anachemsha mikono ya saspenshoni iliyokuwa myeupe, inatoka zambarau. Wengine wanapata kijani kibichi. Wanajilaumu kwamba moto ulikuwa mdogo au siki haikutosha, na mara nyingi shida ilikuwa ndani ya pakiti tangu dukani.

Mikono ya saspenshoni, bampa na vishikio vya magurudumu kwa kawaida ni nailoni. Nailoni hushika vizuri rangi za asidi, zile zinazotumika kwa sufu na hariri. Pakiti inayojisifu kwamba inafaa nguo za kila aina huwa ni mchanganyiko: sehemu moja ni rangi ya pamba, nyingine ni rangi ya asidi. Kipande chako kinakunywa ile ya asidi, na sehemu kubwa ya ile ya pamba inabaki majini. Kwa nyekundu au bluu hutaona kasoro kubwa. Nyeusi ndiyo inayoumbuka, kwa sababu nyeusi nyingi zimeundwa kwa rangi kadhaa, na kila moja inaingia kwenye plastiki kwa kasi yake. Ukitoa kipande mapema, unatoa zile zilizotangulia tu. Basi kabla ya kutazama rangi ya kifuniko, soma pakiti: inataja nailoni? Inasema ni rangi ya asidi? Kama haisemi, irudishe.

Ya kwanza kwangu ni Jacquard Acid Dyes, na sifichi kwamba naipendelea. Ni unga wa rangi ya asidi mtupu, hauna ile sehemu ya pamba ambayo ungeilipia na kuimwaga. Kichupa kidogo kina gramu 14. Kwa nyeusi unahitaji gramu 3 hadi 4 hivi kwa kila gramu 100 za vipuri, kwa hiyo kichupa kimoja kinatosha seti tatu au nne za mikono. Na kwa kuwa ni unga mwepesi, mtu anayetoka Afrika Kusini au Dubai anaweza kukubebea bila kuogopa kumwagikiwa kwenye sanduku. Ubaya wake ni vumbi: fungua pasipo upepo, vaa barakoa na glavu.

Namna ya kuitumia: toa kwanza beringi, vyuma na tufe za viungo. Osha vipuri kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya amortiseri (shokomzoba) yakibaki yanaacha madoa yasiyoshika rangi. Weka lita 2 za maji kwenye sufuria ambayo haitarudi kupika ugali, koroga unga ndani yake, tia mililita 60 za siki nyeupe, upashe hadi nyuzi 85 au 90. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo mvuke mwingi na mapovu madogo pembeni vinatosha. Ning'iniza vipuri kwa waya. Hapa ndipo wengi wanaharibu: chini ya sufuria, juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye moto mkali, pana joto kuliko maji yenyewe, na nailoni ya moto ni laini. Mkono ukilala pale, au ukilaliwa na wenzake, unapinda na hautanyooka. Nyeusi iache dakika 30 kamili, ukikoroga. Kisha acha vipoe humo humo, suuza hadi maji yatoke meupe.

Ya pili ni Rit DyeMore, ya maji, iliyotengenezwa kwa nguo za sintetiki, nailoni ikiwemo. Haidai siki. Ila unalipia usafiri wa chupa nzima ya maji, na mawakala wengi wa mizigo hawataki vimiminika.

Ya tatu ni Rit All-Purpose. Huu ni ule mchanganyiko niliousema. Utie siki, uitumie kwa nyekundu, bluu au njano, nyeusi usiiguse. iDye Poly, nayo ni rangi ya nguo za sintetiki, naiweka nyuma yake kwa sababu ya harufu tu: kikolezo chake cha rangi kinachukiza, na ndani ya nyumba hakifai kabisa.

Dylon ya mashine ya kufulia imeundwa kwa pamba. Nailoni si kazi yake. Vile vifuko visivyo na jina vya soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, vitumie kwa kitambaa.

Na hapa niseme wazi. Muuzaji anayepima unga kutoka gunia moja, akaufunga kwenye vifuko na kukuambia unashika "kila kitu, hata plastiki", anakula pesa ya kijana aliyeweka akiba ili anunue mikono ya saspenshoni ya RPM, kampuni ya vipuri vya magari haya. Vipande vyeupe vya nailoni ni ghali kufika hapa, na kikishaingia zambarau hakirudi kuwa cheupe. Halafu bei inatajwa kwa dola, unalipa kwa franka, na kiwango cha kubadilisha ni cha duka. Dai uone pakiti halisi. Asipokuwa nayo, ondoka.

Usinunue rangi kabla ya kujua kipuri chako. Tafuta alama ya nailoni, PA6 au PA66, upande wa ndani. Ikifuatwa na GF, kuna nyuzi za kioo na rangi itafifia kidogo. Kikielea majini, si nailoni. Gia za POM, plastiki nyingine ngumu, hazishiki rangi hizi za asidi, na kipande cheusi hakitakuwa chekundu kamwe.

Baada ya kutia rangi, pini zitaingia kwa shida kwenye matundu, kwa sababu nailoni imekunywa maji na kuvimba kidogo. Usichokonoe tundu kwa keekee. Ngoja siku mbili kipuri kikauke kivulini, kisha ujaribu tena.