Mashine ya kurekodi moyo ilifanya kazi yake, karatasi yangu ikaishia kwenye ndoo ya taka

Kwa muda mrefu nimesumbuliwa na maumivu ya kifua yanayokuja na kuondoka, hasa ninapopanda kilima cha kwetu nikiwa na mzigo kutoka soko la Mwanjelwa. ECG ya kawaida, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ilitoka safi kila mara, kwa sababu inanasa mapigo ya sekunde 10 hivi tu, ilhali maumivu yangu huwa yamekwisha kabla sijafika hospitali.

Kwa hiyo kituo kimoja cha binafsi hapa Mbeya kilipoleta mashine ya kuvaliwa mchana kutwa na usiku kucha, nilifurahi sana. Ni kazi iliyoanzishwa na Mmarekani Norman Holter, ambaye kifaa chake cha kwanza, katika miaka ya 1940, kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30 na kilibebwa mgongoni; hiki cha sasa nilikivaa kiunoni chini ya kitenge na hakuna jirani aliyekiona. Muuguzi alinisafisha ngozi taratibu, akabandika nyaya, akanieleza kwamba kifua kikiuma nibonyeze kitufe na kuandika saa pamoja na nilichokuwa nikifanya, na kwamba maumivu makali yenye jasho au yanayopanda hadi taya hayasubiri mashine, ni kukimbilia idara ya dharura.

Niliandika kwa uaminifu: "Saa 12:30 asubuhi, nabeba ndoo ya maji, kifua kimebana kama kimefungwa kamba." Karatasi ilijaa pande zote mbili.

Siku ya kurudisha nilimkuta kijana ambaye hata salamu yangu hakuiitikia. Alichukua mashine, akaikunja karatasi bila kuisoma na kuitupa kwenye ndoo ya taka.

"Mwanangu, hiyo ni ya daktari," nikamwambia.

"Mama, mashine imerekodi yote. Daktari hana muda wa kusoma barua."

Barua! Mashine inajua moyo ulivyopiga saa fulani, lakini haijui kama nilikuwa nimelala au nimebeba ndoo, na hilo ndilo daktari aliloniuliza kwanza. Ile ya ndoo ya maji niliikumbuka, naye akaona mchoro wa saa hiyo umebadilika, akaniandikia kipimo cha moyo cha kutembea kwenye mashine ya mkanda unaozunguka. Nyingine nilishindwa kuzieleza, zikabaki alama tu kwenye karatasi yake.

Nilikusudia kukisifu kituo hiki bila kasoro. Sasa nasema sitampeleka ndugu yangu huko, labda awe na uhakika wa kuhudumiwa na yule muuguzi, maana yeye kwa kweli anajua kazi. Mashine yenyewe naikubali kabisa, na nikiambiwa niivae tena nitaivaa kesho, ila maelezo yangu nitamkabidhi daktari mwenyewe mkononi, na uongozi nimeshauandikia kuhusu yule kijana.